Bastola ya kulinda duka: mapenzi ya mtu na takwimu, kila kimoja kina mahali pake

Mkuu wa Igoma, nimesoma swali lako na majibu ya wakuu wote. Kwa atakayeingia hapa katikati: jamaa ana duka la vifaa vya ujenzi, pia ni wakala mkubwa wa fedha za simu. Usiku anafunga akiwa na hela mkononi, ombi lake la kumiliki silaha limekubaliwa, sasa amekwama anunue bastola gani. Mjomba wake anasema achukue .45 (namba hizi ni kaliba, yaani upana wa risasi: zenye nukta ni kwa inchi, zenye mm ni kwa milimita) kwa sababu "ile inaangusha ng'ombe". Rafiki yake anasema 9mm ndiyo ya kisasa. Mmoja humu kamshauri rivolva, ile bastola ya kasha la risasi linalozunguka, eti haijawahi kukwama tangu dunia iumbwe. Na mwingine kafunga mjadala: "silaha ni mapenzi ya mtu, usisikilize takwimu za wazungu."

Mimi nilikuwa mtunza ghala la silaha wa kampuni ya ulinzi hapa Mwanza kwa miaka kadhaa, kabla sijahamia dagaa pale Mwaloni. Bastola ninayo, na kibali ninacho. Kwa hiyo haya nimeyashika kwa mikono.

Nianze na ng'ombe wa mjomba, maana kwetu Usukumani ukitaja ng'ombe lazima usikilizwe. Na mjomba hajakosea kabisa, kuna ng'ombe wa kweli kwenye hadithi hiyo. Jeshi la Marekani lilitoka kwenye vita vya Ufilipino likiwa na lalamiko kwamba rivolva za .38 hazimsimamishi mtu anayekujia na panga. Mwaka 1904 maofisa wawili, John Thompson wa idara ya silaha na daktari wa jeshi Louis LaGarde, wakaenda kwenye machinjio ya Chicago wakapiga risasi ng'ombe hai, na maiti za watu pia, kwa kaliba mbalimbali. Mwishowe wakapendekeza jeshi lisitumie chini ya .45, na humo ndimo ilimozaliwa bastola ya Colt ya 1911, ya .45. Ila ukisoma walichokifanya unashika kichwa. Ng'ombe wenyewe walikuwa wachache, hawakupigwa sehemu zilezile wala kwa idadi ileile ya risasi. Mmoja anaanguka mapema, mwingine anakula risasi nyingi na bado amesimama. Kwa data ile ungeweza kupendekeza karibu chochote ulichokuja nacho kichwani. Walipenda risasi kubwa, na takwimu zikawakubalia.

Kwa hiyo huyo mkuu anayezishuku takwimu ana hoja. Takwimu nazo huwa zimebeba mapenzi ya mtu ndani yake. Lakini kutoka hapo kusema zote ni bure, hapana.

Tazama kilichotokea baadaye. Aprili 11, 1986, maofisa wa FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, walipambana na majambazi wawili wa benki huko Miami. Maofisa wawili waliuawa na watano wakajeruhiwa. Jambazi mmoja alipigwa mapema risasi ya 9mm iliyopita mkononi, ikaingia kifuani, ikasimama karibu kabisa na moyo. Jeraha lile lilikuwa la kumuua, lakini aliendelea kupigana kwa dakika nzima na zaidi. FBI wakailaumu ile risasi, wakahamia 10mm, na kwa kuwa ilikuwa inapiga teke kali kwa askari wengi, ikaja .40 mwaka 1990. Wakakaa nayo miaka. Halafu mwaka 2014 idara yao ya mafunzo ikaandika kwamba ni bora warudi 9mm. Jeshi la Marekani nalo lilishaiacha .45 mwaka 1985 kwa ajili ya Beretta ya 9mm, na lilipochagua bastola mpya mwaka 2017 likachukua SIG Sauer, 9mm tena.

Kilichowarudisha ni risasi za kisasa zilizoboreshwa, zikipimwa kwa kipimo kimoja kwa wote. Risasi inapigwa kwenye jelatini ya asilimia 10, ute mzito unaoigiza nyama ya mwili, nyingine kupitia nguo nzito, mbao, bati la gari au kioo chake, na inatakiwa izame kati ya sentimita 30 na 46. Risasi za kisasa zenye tundu kwenye ncha, za 9mm, .40 na .45, zote zinaingia humo. Zikiingia humo, tofauti inayobaki ni tundu la jeraha kuwa pana zaidi kwa milimita chache. Kwa bastola kinachomsimamisha mtu ni lile tundu na mahali lilipo, basi. Ama umepiga ubongo au uti wa mgongo, au unasubiri damu ipungue, na hata moyo ukiharibika kabisa ubongo bado una oksijeni ya sekunde 10 hadi 15. Hakuna bastola inayomrusha mtu nyuma kama kwenye sinema, iwe ya mjomba au ya mwingine.

Kuna na hesabu za matukio halisi. Mwaka 2011 mkufunzi wa polisi wa Ohio, Greg Ellifritz, alitoa takwimu za watu karibu 1,800 waliopigwa risasi. Ambao hawakusimamishwa hata baada ya risasi zote walikuwa asilimia 13 kwa 9mm, 13 kwa .40, na 14 kwa .45. Ukishuka kwenye .22, .25 na .32, wanakuwa asilimia 31 hadi 40. Mimi hapo nasoma vitu viwili tu: usishuke kwenye vibastola vidogo vya mfukoni, na ukishafika 9mm acha kugombana na mjomba.

Halafu namba ambayo humu hakuna aliyeitaja, na kwangu ndiyo nzito kuliko zote. Utafiti wa RAND, taasisi ya utafiti ya Marekani, wa mwaka 2008 kuhusu polisi wa New York ulikuta kwamba kwenye majibizano ya risasi, zilizompata mlengwa ni kama asilimia 18. Hao ni polisi waliofundishwa, wanaolipwa, wanaopewa risasi za mazoezi. Yaani kati ya risasi tano, nne zinakwenda kwingine.

Kwingine wapi? Hapo sasa ndipo takwimu za Marekani zinapotuacha, maana Igoma si New York. Kwanza risasi zenyewe. Vipimo vyao vinahusu risasi za ncha yenye tundu, zinazofunguka zikiingia mwilini na kupunguza mwendo. Nilizowahi kuuziwa mimi zote zilikuwa za ncha duara iliyofunikwa shaba. Hizo hazifunguki. Kwenye jelatini zinapita sentimita 60 na kuendelea, iwe 9mm au .45. Zinatokea upande wa pili. Sasa fikiria nyumba zetu: Mabatini, Igogo, huko juu kwenye mawe, mlango wa huyu unatazama dirisha la yule, banda la bati nyuma ya banda la bati. Na yale mawe yenyewe, risasi ikigonga granaiti haifi, inabadili njia tu. Mtu wa Mwanza anayechagua silaha lazima ajiulize nyuma ya jambazi kuna nani, kabla hajauliza kaliba. Ndiyo maana bastola utakayoilenga vizuri inanihusu zaidi kuliko ile yenye sifa.

Kwa hiyo mapenzi ya mtu yanaingia wapi? Yanaingia hapa, na yanaingia kwa haki kabisa. Takwimu zimeshakuchagulia zizi. Ng'ombe wa kutoa humo ndani utamchagua mwenyewe. Ndani ya 9×19 (ndiyo 9mm ya kawaida, namba ya pili ni urefu wa ganda kwa milimita) kuna bastola nyingi nzuri: Glock 19 ina uzito kama gramu 600 bila magazini, kile kibebeo cha risasi, na inabeba 15, CZ 75 ya chuma inakaribia kilo nzima. Moja ni nyepesi kuvaa siku nzima, nyingine inatulia mkononi ukifyatua. Mimi napenda CZ. Sina takwimu ya kukuonyesha, napenda uzito wake na jinsi inavyokaa kiganjani, na kwa sababu naipenda naitoa kwenda kuifanyia mazoezi. Hiyo peke yake ina thamani.

Ila mapenzi yapimwe. Tulikuwa tukifanya hivi kwenye uwanja wa shabaha ulioruhusiwa, mkufunzi akiwepo: karatasi ya A4, mita 7, risasi tano, mtu anashika saa. Zote tano lazima ziwe ndani ya karatasi, ndipo tunasoma muda. Halafu bastola nyingine, mtu yuleyule. Waliokuja wakiisifu .45, wengi muda wao ulikuwa mrefu kuliko kwa 9mm, au waliwahi lakini karatasi ikabaki na matundu matatu. Wanabishana na mwalimu, na karatasi iko pale. Lakini kulikuwa na mzee mmoja, mwanajeshi mstaafu, mikono kama makasia. Kwake .45 na 9mm zilikuwa sawasawa, muda na matundu. Huyo sikuwa na la kumwambia, achukue anachotaka.

Na kulikuwa na dada mhasibu mwenye kiganja kidogo. Kila mtu alimsukumia bastola nene ya risasi 15 kwa sababu "risasi nyingi ni bora", na kwenye karatasi ni kweli ni bora. Kidole chake hakikuwa kinafika vizuri kwenye kifyatulio, akawa anageuza mshiko, risasi zote zinakwenda kushoto. Akapewa 9mm nyembamba yenye magazini ya safu moja, risasi 8. Zote tano zikaingia. Aliambiwa hiyo ni mapenzi tu. Ile ilikuwa takwimu, tena ya kwake mwenyewe, na inamhusu kuliko ya New York na Ohio.

Sasa wewe uliyesema rivolva haikwami. Ni kweli kwamba risasi ikigoma kulipuka unafyatua tena na nyingine inakuja, hilo ni jambo zuri. Lakini kifyatulio cha rivolva ambayo nyundo yake haijavutwa nyuma kinataka kuvutwa kwa nguvu ya kilo 5 hivi, cha Glock ni kama nusu yake, na una risasi tano au sita. Mpe mtu mwenye hofu, umtazame mdomo wa bastola unavyoyumba. Na kuhusu kukwama kwenyewe, daftari letu la ghala lilikuwa na hadithi nyingine kabisa. Tulikuwa tunaandika kila hitilafu: silaha ipi, magazini namba ngapi, risasi za boksi gani, nani alikuwa ameshika. Bastola zilizokuwa na sifa mbaya, ukifuatilia unakuta ni magazini moja iliyobonyea mdomo inazunguka kwa watu. Au boksi la risasi lililokaa na unyevu. Shotigani za pampu, ambazo kila mtu anaziamini, ndizo zilikuwa zinakwama kwa walinzi wapya, kwa sababu mtu akiogopa havuti pampu mpaka mwisho. Toka hapo mtu akiniambia "aina fulani inakwama" namuuliza magazini gani na mkono wa nani.

(Shotigani kwa nguvu inazishinda bastola zote hizi kwa mbali, mkuu, lakini wewe unafunga makufuli na kubeba mfuko wa hela. Utaishika kwa mkono upi?)

Jambo moja la dukani kabisa. Usiseme tu "nataka 9mm". Makarov nayo ni 9mm, tena tamu, lakini ni 9×18, na risasi yake haiingiliani na 9×19. Nimeona mtu ana bastola safi ya urithi, amefuata sheria zote, na hana risasi za kufanyia mazoezi kwa sababu muuzaji wake hazileti. Uliza kwanza risasi zipi zinapatikana mwaka mzima, ndipo uulize bastola. Kwangu hicho kigezo kinazidi teke, uzito na sifa.

Kwenye sheria sitakaa sana. Kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, leseni ni yako, kwa silaha hiyo. Kijana wako wa dukani haigusi, hata ukiwa safarini Nansio. Sanduku la chuma lifungwe kwa bolti ukutani. Na Kanuni ya Adhabu inakuruhusu kujilinda kwa nguvu inayolingana na hatari, kwa hiyo mwizi anayekimbia na mfuko wako kuelekea Buhongwa si mtu wa kupigwa risasi mgongoni. Hela za simu zitapatikana.

Kwako sasa: 9×19, ukubwa wa kati, kutoka kwa muuzaji mwenye leseni aliye na risasi zake kila mara. Kabla ya kulipa mwombe akuthibitishie kuwa ni tupu, uikague mwenyewe magazini na chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, kisha uishike kama utakavyoishika usiku na uone kama ncha ya kidole inatua kwenye kifyatulio bila kugeuza mshiko. Zikikukaa mbili au tatu, chukua unayoipenda macho yakiiona. Hujatuambia kiganja chako kikoje, wala kama unatumia kushoto. Lete hayo tuendelee, maana kwa mtu wa kushoto vitufe vya bastola nyingi viko upande usiofaa, na hapo orodha yangu inabadilika.