Kona kwa kona, kabla ya kumwaga zege

Fundi marumaru ndiye aliyenipa habari. Alikuwa amepiga magoti chumbani, mkononi ana kipande alichokikata kikatoka chembamba upande mmoja. "Bosi, chumba hiki kimekwenda upande." Nikabisha. Siku ya kuseti msingi nilikuwepo, futi nimeishika mwenyewe: mita 4 huku, mita 4 kule, 3 na 3.

Akanipa ncha ya futi niishike konani, yeye akaenda kona ya mbali. Mita 5 na sentimita 8. Tukageuza kona: mita 4 na sentimita 92. Zote mbili zilitakiwa ziwe 5 kamili.

Hapo ndipo hesabu za darasani ziliponirudia. Umbo la pande nne halishikwi na urefu wa pande zake. Chukua vijiti vinne, pigilia msumari mmoja kila kona, kisha sukuma: vinalala kama kitanda kilicholegea, na hakuna kijiti kilichofupika. Vijiti vitatu havisukumiki. Pande tatu za pembetatu zikishajulikana, pembe zake nazo zimeshapangika. Ndiyo maana kenchi za paa zimejaa pembetatu.

Kona zangu zilikuwa kama nyuzi 92 na 88. Nyuzi mbili jicho halizioni, lakini kwenye ukuta wa mita 4 ni sentimita 13 na zaidi! Wala usidhani utanyoosha kona moja tu. Kuta zinazotazamana zikiwa sambamba, kona mbili zinazofuatana hujumlisha 180. Ukiipunguza hii, jirani yake inaongezeka.

Kwa hiyo kwenye kamba za msingi, anzia kona moja. Pima mita 3 kwenye kamba moja, tia alama. Pima 4 kwenye kamba ya pili. Kati ya alama na alama pakiwa na 5, hiyo ni pembe mraba, maana 3 mara 3 ni 9, 4 mara 4 ni 16, na jumla yake 25 ni 5 mara 5. Pakizidi 5 kona imepanuka, pakipungua imebana. Kiwanja kikiruhusu, tumia 6, 8 na 10. Fundi wangu wa msingi alitegemea guni, kile kifaa cha kupimia pembe mraba, la urefu wa mkono, na kosa la guni hukua kadiri kamba inavyorefuka. Ukikosea sentimita 1 kwenye upande mrefu wa pembetatu ya sentimita 60, 80 na 100, pembe imepotoka zaidi ya nyuzi moja. Kwenye ile ya mita 10, kosa hilohilo ni dogo mara kumi.

Halafu, pande zinazotazamana zikishalingana, pima kona kwa kona, zote mbili. Zikitofautiana, zege lisubiri. (Futi yako ikiwa imekatika mwanzoni na unaanzia alama ya 10, kumbuka kuitoa hiyo 10. Watu husahau.)

Vile vipande vyembamba viko nyuma ya kabati. Nililiweka hapo makusudi.