Michoro sita inatosha, ila andikianeni kwanza

Ndugu yangu, umeuliza kama michoro yako sita inatosha kwa maonyesho kwenye ukumbi mdogo wa sanaa wa jamii, na nani atabeba hasara mmoja ukiharibika. Sita inatosha kabisa. Ukuta uliosongamana huua kazi nzuri.

Hilo la hasara ndilo la kulikazania. Kabla hujakabidhi hata mchoro mmoja, andikianeni na kutia saini: orodha ya kazi, bei ya kila moja, kamisheni ya ukumbi, siku utakayolipwa, na nani anafidia kazi ikianguka au ikiibwa. Ahadi ya mdomo haitakusaidia, hata kama mnajuana tangu utotoni. Piga picha kila mchoro, mbele na nyuma, siku hiyohiyo ya kuukabidhi.

Wakati wa kutundika, katikati ya mchoro pawe kama sentimita 150 kutoka sakafuni. Waya wa nyuma ufunge theluthi moja kutoka juu, uulegeze kidogo tu, usije ukachungulia juu ya fremu. Epuka jua la dirishani, hasa kwa rangi za maji: zikishapauka hazirudi.

Siku ya ufunguzi usikose. Wageni hupenda kumuuliza mchoraji mwenyewe.