Snodropu za marinda: usinunue vitunguu vikavu

Juzi dada mmoja wa Birmingham ameniandikia kwa uchungu. Mwezi wa tisa alipanda vitunguu vikavu 40 vya snodropu, ua dogo jeupe la mwisho wa baridi linaloota kutoka kitunguu cha ardhini, na sasa, katikati ya Februari, kimechipua kimoja tu. Anauliza kama ana mkosi na mimea. Barua hiyo ningeweza kuiandika mimi, mwaka wangu wa pili hapa Norwich, Uingereza.

Nimekulia Tanga, kwenye nyumba yenye asumini mlangoni, nikadhani ua ni ua. Nikanunua dukani mfuko wa vitunguu vikavu, vyepesi kama maganda ya karanga. Nikavifukia, nikangoja baridi mbili nzima. Kimya. Shemeji yangu akaja, akakitazama kitalu kile cha matope, akasema, "Shemeji, hapa hakuoti kitu." Neno lile halijanitoka moyoni.

Leo asubuhi nimechuchumaa kwenye baridi, nikaliinua ua moja la Hippolyta, aina ya snodropu ya marinda, kwa ncha ya kidole. Nje petali nyeupe. Ndani, pale ambapo snodropu ya kawaida ina petali tatu fupi, hii ina tabaka juu ya tabaka, kila moja na pindo la kijani, kama marinda ya gauni la harusi. Na Hippolyta ni ya hapa hapa! Mtunza bustani Heyrick Greatorex aliizalisha Brundall, kijiji cha jirani, kwa chavua ya Flore Pleno, snodropu nyingine ya marinda, ambayo yenyewe haizai mbegu. Snodropu zake nyingi akazipa majina ya wahusika wa Shakespeare: Ophelia, Titania, Desdemona.

Dada yangu, huna mkosi. Snodropu haivumilii kukauka, basi. Nunua zikiwa bado na majani, Februari au Machi, uzipande siku hiyo hiyo, sentimita 10 hivi chini ya udongo, penye mti unaopukutisha majani, na uchanganye majani yaliyooza. Vitunguu vyake usiviweke jikoni: vinafanana na vitunguu maji vidogo, na vina sumu.

Na majani yake usiyakate! Ndiyo yanayokilisha kitunguu kwa ajili ya mwakani. Mimi niliyakata mwezi wa nne kwa kuwa wageni walikuwa wanakuja, nikataka bustani ionekane safi. Mwaka uliofuata nilipata majani membamba, ua sikuona hata moja. Ndugu zangu, tunahangaika mno na macho ya wageni. Mgeni anakaa saa mbili, kitunguu kinahitaji hadi Mei, pengine Juni, majani yageuke manjano yenyewe. Waache waseme. Nami nasema tena, vikavu usinunue.

Mwezi wa tatu nitaligawa fungu langu la Hippolyta, limeshabanana. Vitano ni vyako, dada. Nitavifunga kwenye gazeti lililoloweshwa, na siku vikifika usilale kabla hujavipanda.