Maswali ya Wasomaji: Filamu Inavuma, Msambazaji Anafilisika

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa watu wa filamu hapa Dar es Salaam. Tumechagua nne. Ya kwanza na ya pili zinakamatana, hivyo zisome pamoja.

Wahariri, salaam. Kati ya mwaka 2008 na 2012 maduka ya Kariakoo yalijaa kava mpya za Bongo Movie kila wiki. Leo wasambazaji wengi wamefunga au wamehamia biashara nyingine. Kila ukiuliza unajibiwa “uharamia”. Ni hilo tu?
*Msomaji, Magomeni*

Uharamia ulimalizia kazi. Udhaifu ulikuwa ndani ya biashara yenyewe, kwenye tarehe za fedha kutoka na fedha kuingia.

Tuchore mfano, tarakimu ni za kufundishia tu. Msambazaji ananunua masta, yaani nakala mama ya filamu, kwa Sh milioni 15. Anazalisha kopi 20,000 kwa Sh 900 kila moja pamoja na kava: milioni 18. Mabango, trela ya televisheni na usafiri wa mikoani: milioni 5. Jumla milioni 38. Bei ya jumla ni Sh 2,500 kwa kopi. Akiuza zote anapata milioni 50, faida milioni 12. Kwenye karatasi ni biashara tamu, na anahitaji kuuza kopi 15,200 tu kurudisha fedha yake.

Sasa ongeza mali kauli. Wakala wa Mwanza, Mbeya au Kigoma hachukui mzigo kwa fedha taslimu. Anachukua kwa ahadi, anauza, anatuma fedha kidogo kidogo, na zisizouzika anazirudisha. Zikirudi asilimia 30, yaani kopi 6,000, mauzo yanakuwa milioni 35. Hasara ni milioni 3. Hiyo ingevumilika. Kinachoua ni kwamba milioni 35 hizo zinaingia ndani ya miezi mitatu au minne, wakati mtayarishaji na mzalishaji wa diski wamekwishalipwa siku ya kwanza, na duka linataka filamu nyingine wiki ijayo. Msambazaji anachukua fedha ya filamu mpya kuziba pengo la ile ya zamani. Maadamu kila filamu inauza kuliko iliyotangulia, hakuna anayegundua. Mauzo yakisimama miezi miwili, mnyororo wote unakatika kwa mara moja, na watu mtaani wanasema kampuni imeanguka ghafla.

Halafu kuna ile tabia ya sehemu ya kwanza na sehemu ya pili. VCD ina nafasi ya dakika 74 hadi 80, kwa hiyo filamu ndefu ilihitaji diski mbili. Hapo sawa. Lakini DVD ya tabaka moja ina gigabaiti 4.7 na inabeba filamu ya saa mbili bila taabu. Kuendelea kukata hadithi vipande viwili na kuviuza kwa kupishana wiki kadhaa kulikuwa ni kumtoza mteja mara mbili, na mteja alijua. Mharamia alimpa sehemu zote mbili kwenye diski moja, pamoja na filamu nyingine kumi na kitu, kwa bei ya chini ya nakala halali. Hapo mharamia hakushinda kwa bei tu, alishinda kwa huduma. Wasambazaji hawakupenda kulisikia hilo wakati ule, na wapo wasiopenda hadi leo.

Mengine yalikuja kwa kufuatana. Mitambo ya televisheni ya analojia ilizimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, ving'amuzi vikaingia majumbani na chaneli za sinema ndani yake. Stempu za kodi za TRA kwenye kazi za muziki na filamu zilianza mwaka 2013. Zilimsaidia mkaguzi kutenganisha halali na haramu, lakini ziliongeza hatua na gharama kwa yule yule aliyekuwa akifuata sheria. Mtu wa kurusha filamu kwenye flashi na kadi ya simu hakuhitaji stempu, kava wala stoo. Wasanii walipoingia Kariakoo Aprili 2017 kulalamikia filamu za nje zinazouzwa holela, diski yenyewe ilikuwa tayari inaondoka sokoni.

Nimesoma kwamba kampuni ya filamu ya Orion ya Marekani ilifilisika huku filamu zake zikizoa Oscar. Inawezekanaje? Au ni wizi wa wakubwa?
*Mwanafunzi, Mlimani*

Si wizi. Ni ugonjwa tulioueleza hapo juu, kwa dola.

Orion ilianzishwa mwaka 1978 na wakuu watano waliojiondoa studio ya United Artists, Arthur Krim akiwa kinara wao. Mwanzoni filamu zake zilisambazwa kwa mtandao wa studio ya Warner. Mwaka 1982 waliichukua kampuni ya Filmways ili wawe na usambazaji wao wenyewe. Hapo ndipo sifa ilipopanda, na gharama pia. Msambazaji mwenye ofisi zake, wauzaji wake na bajeti yake ya matangazo hulipa mishahara hata mwezi usio na filamu. Studio kubwa ina akiba ya filamu za zamani, maktaba, inayoingiza ada za kuonyeshwa kwenye televisheni kila mwaka. Kampuni huru changa haina mto huo wa kulalia.

Dances with Wolves ya mwaka 1990 ilipata zaidi ya dola milioni 180 kwenye kumbi za Marekani na kuchukua Oscar saba. Msomaji wa kawaida anadhani Orion ilipokea milioni 180. Hapana. Karibu nusu ya fedha ya tiketi hubaki kwa mwenye ukumbi. Katika nusu inayobaki unatoa kopi za filamu na matangazo, kisha mgawo wa watayarishaji. Na kampuni yenye njaa ya fedha taslimu huwa imekwishauza mapema haki za nchi nyingine au za kanda za video ili filamu ikamilike. Filamu ikivuma huko, anayeneemeka ni aliyenunua. Wakati huo huo filamu zilizoanguka, ambazo hakuna anayezikumbuka, bado zinadaiwa riba benki.

Mwaka 1991 hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba Orion iliiuza filamu ya The Addams Family kwa studio ya Paramount kabla haijatoka. Ilipotoka Novemba ilipita dola milioni 100 Marekani, mikononi mwa Paramount. Desemba mwaka huo Orion iliomba mahakama iilinde dhidi ya wadai. Machi 1992, ikiwa bado chini ya ulinzi huo, The Silence of the Lambs ikachukua Oscar tano, ikiwemo ya filamu bora.

Uingereza ilikuwa na kisa chake mwaka huo huo. Kampuni ya filamu ya Palace Pictures, iliyoanzishwa mwaka 1982 na Nik Powell na Stephen Woolley, ilianguka mwaka 1992 ikiwa imetoka kutengeneza The Crying Game. Filamu hiyo ilikuja kupata zaidi ya dola milioni 60 Marekani kupitia msambazaji Miramax. Fedha zilikuja, ila mwenye duka alikuwa ameshafunga.

Kwa mtu wa filamu wa Dar es Salaam, sehemu ya kutazama kwa makini ni mwisho wa mambo. Maktaba ya Orion haikutupwa, ilinunuliwa na studio ya MGM mwaka 1997. Kampuni ikifa, haki za filamu ni mali kama magari na samani: mfilisi huziuza kwa anayelipa. Jibu linalofuata linahusu hilo.

Msambazaji amenipa mkataba wa ukurasa mmoja: Sh milioni 6, “haki zote, milele, dunia nzima”. Filamu imenigharimu milioni 9. Nina madeni. Nisaini?
*Mtayarishaji, Tabata*

Usisaini hivyo ulivyo, dada. Hata ukiamua kupokea milioni 6, badilisha unachokiuza.

Haki za filamu ni fungu la vitu vingi: ukumbi, televisheni ya bure, televisheni ya kulipia, mtandao wa kujisajili kwa mwezi, mtandao wa kulipia filamu moja moja, diski, mabasi na ndege, maonyesho ya vibandani, tafsiri, na haki ya kuitengeneza upya. Neno “zote” linachukua hata zile ambazo huyu bwana hana njia ya kuziuza. Muulize haki ipi atauza wapi, kwa nani. Mpe hizo tu. Zisizotajwa ziandikwe kuwa zinabaki kwako.

Muda usizidi miaka 3 hadi 5. Eneo litajwe kwa majina ya nchi. Kama kuna mgawo wa mapato, weka kikomo cha gharama anazoruhusiwa kukata kabla ya kugawana, kwa shilingi, si kwa neno “gharama za kawaida”. Mgawo wa nusu kwa nusu usio na kikomo cha gharama huishia sifuri. Taarifa ya mauzo iletwe kila robo mwaka hata kama hakuna kilichouzwa, na uwe na haki ya kukagua vitabu vyake.

Kifungu ambacho watu wengi husahau ni cha haki kurudi. Andika kwamba asipolipa ndani ya siku 30 baada ya kukumbushwa kwa maandishi, au akifunga biashara, haki zote zinarudi kwako bila malipo. Kifungu cha kufilisika mahakama inaweza kukibishia, ndiyo maana kile cha kutolipa kinatakiwa kitangulie na kisimame peke yake. Bila hivyo filamu yako inaweza kulala kwenye kabati la mfilisi, au kuuzwa kwa mtu usiyemjua, nawe ukakatazwa kuionyesha.

Kabla ya yote sajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na uwe na mikataba iliyosainiwa na mwandishi, waigizaji, mpiga picha na mwenye muziki. Mwandishi asiye na mkataba ndiye hujitokeza siku filamu inapoanza kulipa. Masta isitoke mkononi mwako kabla ya malipo. Mpe kopi yenye alama ya maji juu ya picha kwa ajili ya kutazama.

Tumefungua kampuni ndogo ya kusambaza: usajili wa kampuni BRELA tayari, TIN tayari, leseni ya manispaa tayari, Bodi ya Filamu imekagua filamu mbili na kuzipa madaraja. Kituo cha televisheni kimezirudisha mara mbili kwa “sababu za kiufundi”. Wanataka nini hasa?
*Vijana wawili, Mbezi*

Ombeni karatasi yao ya masharti, kila kituo kina yake. Ila sababu za kurudishwa hujirudia.

Ya kwanza ni sauti. Vituo vingi vinafuata kipimo cha ukubwa wa sauti cha -23 LUFS kwa wastani wa filamu nzima. Filamu iliyochanganywa kwa spika za kompyuta ya mezani mara nyingi ina muziki unaopasua na mazungumzo yanayozama. Kupunguza sauti yote kwa pamoja hakusaidii, mazungumzo yanazidi kupotea. Rudini kwenye mradi wa uhariri, mpandishe maneno na kushusha muziki, ndipo mpime.

Ya pili ni fremu, yaani idadi ya picha kwa sekunde. Mkipiga kwa fremu 30 kwa sekunde na kituo kinataka 25, programu itatupa au kuchanganya fremu na kila kamera ikisogea picha inaruka. Dawa ya kweli ni kuweka kamera kwenye 25 tangu siku ya kwanza. Faili pelekeni la aina ya ProRes 422 HQ, lenye ubora wa juu, 1920 kwa 1080, wala si ile iliyobanwa kwa ajili ya simu.

Tayarisheni pia mkondo wa sauti usio na maneno, wenye muziki na vishindo tu. Bila huo hakuna atakayenunua kwa ajili ya kutafsiri, na kuutengeneza upya baada ya mwaka, mradi ukiwa umefutwa, ni kazi ya kulia.

La mwisho ni orodha ya muziki: jina la kila kipande, mtunzi, na kinachukua sekunde ngapi kuanzia dakika ipi. Kipande kilichochukuliwa mtandaoni bila kibali kitoeni sasa. Kituo kikipata dai kitawakata ninyi, kwa sababu mkataba wa usambazaji huwa na sahihi yenu mkithibitisha kwamba haki zote ni safi.