Kwa nini hajaondoka?

Mswada wangu wa kwanza wa riwaya ya mapenzi ulirudi kutoka kwa rafiki yangu ukiwa na swali moja la penseli, limerudiwa pembeni mwa kurasa mara 11: "Kwa nini hajaondoka?" Nilinuna siku mbili. Nikasema moyoni, huyu hajawahi kupenda.

Ilikuwa hadithi ya vijana wawili wanaopendana kufa. Sura ya tatu wanagombana, ya nne wanapatana huku wanalia, ya tano simu inarushwa ukutani, ya sita mvua na kukumbatiana. Nilijiona fundi. Kumbe nilikuwa nimeandika ugomvi tu, wapenzi wenyewe hawamo.

Kama nawe unaandika riwaya ya namna hii, lijibu swali lile kabla hujafika ugomvi wa pili. Usiniambie "kwa sababu anampenda". Nionyeshe. Mimi niliongeza kurasa mbili zisizo na tukio lolote: binti ana homa, kijana hajui hata kuchemsha uji, basi anamsomea maelezo ya pakiti ya dawa kwa sauti ya mtangazaji wa mpira, mpaka binti anacheka na kukohoa kwa pamoja. Baada ya hapo, simu iliporushwa, penseli ilinyamaza. Msomaji naye alishakuwa na kitu cha kupoteza.

Halafu chanzo cha ugomvi. Wangu waligombania meseji iliyokaa saa tatu bila jibu. Ukiitazama juu juu ni utoto. Lakini binti alikulia kwa baba aliyeaga kuwa anatoka mara moja akarudi baada ya wiki, na kijana alikulia kwenye nyumba ya makelele, akibanwa huzima simu. Kila mmoja anajikinga, na kila akijikinga anamtonesha mwenzake kidonda. Ukilipata hilo, huhitaji mvua.

Kuhusu kasi, niliazima kwa Shakespeare. Romeo na Juliet wanakutana Jumapili usiku, Alhamisi alfajiri wote wamekufa, na Juliet hajatimiza miaka 14. Romeo mwenyewe, tamthilia inapoanza, anamlilia msichana mwingine! Hawapati hata siku moja ya kutulia wakafikiri. Nikaibana hadithi yangu ya miaka miwili iwe ya miezi minne, na machozi mengi yakakosa kazi, nikayafuta.

Kuhusu wivu naona aibu. Niliandika kijana anayekagua simu ya mwenzake na kumkaba mkono, nikauita moto wa mapenzi. Binti anaruhusiwa kuamini hivyo, ana miaka 19. Riwaya isiamini. Sikuongeza hotuba, nilimvalisha tu blauzi ya mikono mirefu kesho yake, jua likiwaka, na dada yake akaitazama ile blauzi kitambo kabla ya kuomba chumvi.

Mwisho ni wako, ila wasomaji wengi wa riwaya hizi wanasubiri matumaini. Ukiamua kuwatenganisha wapenzi wako, msomaji ainuse mapema, asije akahisi ametapeliwa ukurasa wa mwisho. Wangu waliachana. Rafiki yangu alipofika hapo alinipigia usiku wa manane kunifokea, na mswada huo mpya hajaurudisha mpaka leo.