Fomu inakubali kwangu, kwenye seva inapiga chenga

SWALI: Mkuu habari za kazi. Nimemtengenezea mjomba tovuti ya gesti yake kwa PHP na MySQL, kuna fomu mteja anajaza jina, namba ya simu na tarehe ya kufika, inaingia databesi halafu inatokea "asante, tumepokea". Kwenye kompyuta yangu na XAMPP (seva ya majaribio) freshi kabisa, nimepandisha kwenye seva ya kulipia ndo balaa, mtu akibonyeza Tuma fomu inarudi tupu, hakuna kosa, hakuna asante, databesi nayo haina kitu. Waliotuuzia nafasi wanasema seva iko poa shida ni msimbo wangu, wakati sijagusa hata nukta! Nilichobadilisha ni kwenye action tu (pale fomu inapoambiwa itume wapi), nimeweka anwani kamili inayoanza na http:// badala ya ile ya localhost (kompyuta yangu mwenyewe), na juzi nikawasha ile kufuli ya https. Nisaidie, mjomba ameanza kuniangalia vibaya.
Msomaji, Morogoro

JIBU: Pole mkuu, ila jibu umelitaja mwenyewe hapo mwishoni ukalipita. Ulipowasha https, mara nyingi seva inawekewa sheria kwamba anayekuja kwa http apelekwe https, na inampeleka kwa namba 301, yaani "anwani imehamia kule". Sasa fomu yako inatuma POST (ombi linalobeba alichojaza mteja) kwenda http, seva inajibu 301 nenda kule, brauza inaenda kweli lakini inaenda kwa GET (ombi la kufungua ukurasa tu), na jina na simu ya mteja vinaachwa njiani. Siyo Chrome imeharibika, brauza zinafanya hivyo miaka yote na kanuni za HTTP zinaruhusu. PHP inaangalia $_POST (kapu la data za fomu) inakuta tupu, inadhani mtu ndo kwanza kafungua ukurasa, inamchorea fomu mpya. Kwa upande wake hakuna kosa lolote, ndo maana hulioni.

Usiniamini mimi, angalia mwenyewe. Bonyeza F12, nenda Network, weka tiki kwenye Preserve log (bila hiyo mstari unaoutafuta unafutika ukurasa ukibadilika), jaza fomu utume. Utaona POST yenye 301, chini yake GET yenye 200, yaani ukurasa umefunguka sawa. Fungua ile ya kwanza usome Location, hapo ndo ulipopelekwa. Kuandika anwani bila www wakati seva inalazimisha www nako kunaleta kitu kilekile.

Dawa ni kutoa anwani nzima, andika jina la faili tu, mfano action="booking.php", itakubali kwako na kwenye seva. Kuna watakaokwambia badilisha 301 iwe 308 maana hiyo inalazimisha brauza ibaki na POST, ni kweli inabaki, ila namba za wateja zinakuwa zimeshasafiri wazi kwa http kabla ya kupelekwa https, sasa kufuli ya nini?

Ukitoka hapo unaweza kukutana na ukurasa mweupe. XAMPP inaonyesha makosa, seva nyingi za kulipia zimezima display_errors (mpangilio wa kuonyesha makosa), kosa linaandikwa kwenye faili la error_log, mara nyingi liko folda hiyohiyo. Anza na herufi: umeita Config.php wakati faili ni config.php, Windows haijali, Linux inagoma, na majina ya majedwali ya MySQL kule huwa hivyohivyo. Halafu ile root bila paswedi ya XAMPP kule haipo, tengeneza mtumiaji kwenye cPanel (paneli ya kuendeshea akaunti yako ya seva), na ukumbuke jina lake na la databesi kwa kawaida vinaanza na jina la akaunti yako. Host, yaani anwani ya databesi, iache localhost, kwenye seva nyingi za aina hii ndo yenyewe.

Error_log ikikushinda tuletee mstari wa mwisho kama ulivyo, na kama una paswedi ndani yake ifute kwanza.