Nimetoka likizo, uchovu uko palepale

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni muuguzi wa wodi ya wazazi katika hospitali binafsi, Mwanza. Tangu wenzetu wawili waondoke bila nafasi zao kuzibwa, tunaunganisha zamu. Naamka nimechoka, mama akilia uchungu naona ananisumbua, na juzi kadi ya dawa niliisoma mara tatu ndipo ikaniingia. Nilipewa likizo ya wiki mbili. Siku ya nne baada ya kurudi nikawa vilevile. Naumwa, au ni uvivu? – Dada wa Mwanza

JIBU: Dada, mvivu hasomi kadi mara tatu. Unayoeleza yana sura ya uchovu uliokithiri wa kazi. Shirika la Afya Duniani limeuingiza katika ICD-11, orodha yake ya kimataifa ya magonjwa na hali za kiafya, si kama ugonjwa, bali kama hali inayoletwa na msongo wa kazini wa muda mrefu usiodhibitiwa. Dalili zake ni tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi au kujitenga nayo, na kujiona huiwezi tena. Sisi huitazama zaidi ile ya pili. Kuchoka kila muuguzi huchoka. Huruma ikianza kukauka, mzigo umezidi.

Hata hivyo, pima kwanza. Wingi wa damu, sukari na tezi ya thairoidi vinatosha kuanzia, kwa sababu upungufu wa damu huchosha hivyohivyo. Kama huzuni imedumu wiki mbili au zaidi na hata nyumbani hakuna kinachokufurahisha, huenda ni sonona, nayo ina tiba yake. Yakikujia mawazo ya kujidhuru, muone daktari siku hiyohiyo.

Likizo haikukusaidia kwa sababu ratiba uliyoiacha ndiyo uliyoikuta. (Na wengi wenu likizoni mnashika kibarua cha zahanati, au mnabaki kwenye grupu la WhatsApp la wodi mkijibu sindano iko kabati gani. Hiyo si likizo.)

Kwa wiki mbili andika saa uliyoingia na uliyotoka kweli, siyo ya kwenye ratiba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, saa za ziada zisizozidi 50 katika wiki nne, na mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine. Ukitoka saa 3 usiku na kuingia saa 1 asubuhi, umepata saa 10 tu, na ukiondoa daladala, kuoga na kula, usingizi unabaki wa saa sita hivi. Hapo ndipo kadi inapogoma kusomeka.

Mpelekee matroni (mkuu wa wauguzi) karatasi hiyo ukiwa na ombi moja linalotekelezeka: zamu ya jioni isifuatwe na ya asubuhi, na za usiku zisizidi tatu mfululizo. Ukimwambia tu “nimechoka”, atakupa pole.

Ukiwa na zamu ya usiku, pata usingizi wa muda wa saa moja na nusu kabla ya kwenda. Kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu viishe saa sita kabla ya muda wako wa kulala, maana kafeini hukaa mwilini. Asubuhi funga pazia zito, simu iwe chumba kingine.

Matroni akishindwa, andikia utawala na ubaki na nakala. Chama cha wafanyakazi au afisa kazi wa mkoa ataiomba kabla ya kusikiliza lolote.